Kipande Nilichokikata

Naanza kwa kuomba radhi. Mkono wangu umezoea chaki ya kushonea kuliko kalamu, na herufi zangu zinapishana urefu kama suruali iliyokatwa na mwanafunzi siku ya kwanza. Niliishia darasa la saba. Maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia, kwa hiyo mkikuta kosa lirukeni tu, kama mnavyoruka dimbwi, muendelee. Naandikia kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Mkiona pembeni pameandikwa kiuno arobaini na mbili, msihangaike, si kiuno changu.

Naandika polepole pia. Mteja akija naweka kalamu, akiondoka naichukua tena, na mara nyingi nakuta nimesahau nilitaka kusema nini. Lakini jambo hili sijalisahau, kwa hiyo nimeona niliandike.

Nashona nguo mjini Morogoro, kwenye baraza ya duka la vitambaa. Mwenye duka ni mama mzee wa Kihindi aliyezaliwa mji huu huu, kama baba yake, na sisi wote tunamwita Mama. Barazani kuna cherehani mbili. Moja ni yangu. Nyingine ni ya fundi wangu, mzee aliyenifundisha kazi, ambaye alikuwa amekaa pale pale kabla mimi sijazaliwa. Tukikaa tumetazama barabara, milima ya Uluguru iko mgongoni mwetu, nyuma ya duka. Hatuioni, lakini tunajua mvua inakuja kwa sababu upepo unatoka ndani ya duka kupitia mlango wa uani na kupeperusha vitambaa.

Fundi anasema zamani watu walikuja na kitambaa wakaondoka na nguo. Siku hizi wanakuja na nguo. Wameinunua mitumbani, au imetoka Dar ikiwa imeshonwa tayari, au wameiagiza kwenye simu na imefika si kama ilivyokuwa kwenye picha. Wanataka nipunguze hapa, niongeze pale. Kazi yangu imekuwa hiyo: kupunguza na kuongeza. Na mtu anayefanya kazi hiyo anaona watu wanavyokua na kuzeeka kuliko hata daktari, nadhani, kwa sababu kwa daktari mtu huenda akiumwa tu. Kwangu wanakuja na gauni la sendofu baada ya mtoto wa pili, wakicheka, wakisema limesinyaa. Wanakuja wasichana wa shule kutoka Kilakala na sketi zao, muhula huu wanataka upindo upandishwe, muhula unaofuata wanaomba ushushwe kwa sababu miguu imekimbia. Wanakuja wanaume waliopandishwa cheo, wanavuta pumzi ndani wakati wa kupimwa, na mimi nangoja. Hakuna mtu anayeweza kuvuta pumzi ndani siku nzima.

Mimi mwenyewe naingia mwaka wa ishirini na sita. Vidole vyangu vimeanza kuwa kama vya fundi, cha shahada kimeinama kidogo kufuata mkasi. Sikulisikitikia hilo. Nilifurahi.

Ila mdomo wangu haukui. Ni mtu wa aibu tangu utoto. Mteja akinisalimia najibu nikiwa nimeangalia sindano. Fundi huniita mjukuu ingawa hatuna undugu, na huwaambia watu, "Huyu mjukuu wangu ni fundi mzuri, ila amejishona mdomo, na uzi ameuficha." Wanacheka, na mimi nacheka ndani kwa ndani.

Sasa niwaambie juu ya mzee wa Kihonda.

Ni Mnyamwezi, alikuja kutoka Tabora akiwa kijana kufanya kazi kiwandani Mzinga, akaoa, akastaafu, akajenga Kihonda. Mimi ni Mluguru. Mnajua basi maana yake: Wanyamwezi na sisi ni watani. Wanaruhusiwa kututukana na sisi tunaruhusiwa kuwatukana, na hakuna kukasirika, hata msibani. Kwa mzee huyo ruhusa hiyo haikulala hata siku moja. Akifika tu barazani anapaza sauti:

"Mluguru! Umeshuka mlimani lini? Nani amebaki kule kulinda nyani?"

Au ananiona nakula ndizi. "Fundi, mfungeni huyu, atapanda mti."

Fundi anacheka, wapita njia wanasimama kungoja nitajibu nini. Mimi naangalia sindano. Kila mara nilipata jibu zuri sana, ila nililipata jioni, nikiwa nakunja kazi.

Mwaka jana wakati wa masika alikuja bila kupaza sauti. Fundi hakuwepo siku hiyo, alikuwa amekwenda hospitali kupimwa macho. Mzee alikuwa ameumwa miezi, ametoka kufanyiwa upasuaji, na nguo zilimning'inia kama zilivyo kwenye kamba. Alileta suruali ya suti ya kahawia. Suti hiyo niliijua kwa sifa: fundi aliishona mwenyewe, enzi za ujana wao, na mzee aliolea ndani yake. Kitambaa kizito, cha zamani, ambacho siku hizi hakipo. Mle ndani ungeweza kusoma maisha yake. Mshono wa nyuma ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya mara tatu, kila mara ukisogea nje, na alama za matundu ya sindano zilikuwa zimebaki kama mistari ya daftari. Kijana mwembamba, baba wa watoto wadogo, mtu wa kitambi.

Nilimpima. Ilibidi ipungue vidole vinne. Ni kitambaa kingi hicho, ukikikunja ndani mtu akikaa anahisi amekalia kamba. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ndogo, kama nikikunje au nikikate.

"Kata, mtani," akasema. "Kata chote. Ninakokwenda hawapiki ugali. Na ninyi Waluguru najua mmeshaanza kunoa majembe."

Alisema vile akanitazama. Akangoja.

Mtani anayeijua kazi yake angemjibu kitu. Hata neno moja. Mimi niliiangalia shingo yake ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola, nikaamini. Nikasema, "Sawa, mzee." Alipoondoka nikakata. Vikatoka vipande viwili virefu vyenye ncha, kila kimoja kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Nikavitupa kwenye kiroba cha mabaki.

Aliichukua suruali, akanishukuru kwa adabu, bila utani. Sikumwona tena mwaka mzima, na kila gari la msiba lilipopita barabarani nilijikuta natazama ndani kuona kama namjua mtu.

Mwaka huu, Jumatatu moja asubuhi, bodaboda ilisimama mbele ya baraza na tumbo likashuka kwanza. Tumbo lake. Nikasimama, sindano ikaanguka.

"Mluguru!" alipiga kelele mpaka Mama akatoka ndani ya duka. "Lile kaburi mlilonipimia kwa kamba, fukieni! Pandeni kabichi!"

Alikuwa amepona. Amerudi kunenepa, uso umejaa, sauti imerudi mahali pake. Fundi alimkumbatia wakacheka kama vijana. Kisha akaweka suruali ya kahawia juu ya cherehani yangu.

"Jumamosi tunabariki jubilei ya ndoa," akasema. "Miaka hamsini. Mke wangu hataki kusikia suti nyingine. Mnajua nilipokuwa nalala pale, sijiwezi, yule mama alikuwa anaipiga pasi hii kila Jumamosi? Kila Jumamosi! Nikamuuliza, unampigia nani? Akasema, mwenyewe ataivaa. Basi mwenyewe ndiye huyu. Rudisha mshono pale pale ulipokuwa, mtani. Ijumaa tunakuja wote wawili kujaribisha."

Nikasema, "Sawa, mzee." Neno lile lile.

Alipoondoka fundi aliivuta suruali aifumue yeye, kwa mapenzi ya kazi yake ya zamani. Akaigeuza. Akapapasa mshono wa nyuma kwa kidole gumba. Akapapasa tena.

"Kiko wapi?"

"Nilikikata."

"Nani alikwambia ukate?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Mzee mwenyewe. Alisema anakokwenda hawapiki ugali."

Fundi alipandisha miwani kwenye paji la uso. "Si utani huo? Wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Umemjibu," akasema. "Umemjibu kwa mkasi."

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Aliikunja suruali vizuri akaiweka mapajani, halafu akaniambia kitu ambacho ninyi mafundi mnaosoma labda mnakijua, mimi sikuwa nimeambiwa. Nguo ya mtoto unaacha kitambaa ndani kwa sababu unajua atakua. Nguo ya mzee unaacha kwa sababu hujui. Hata akiwa amebaki mifupa, hata akikusihi ukate, unakikunja ndani, unakibana kwa mishono michache myepesi, na kama anahisi amekalia kamba, akalie. Fundi alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, na alikuwa bado hajanifundisha kwa sababu hakufikiri mtu angeweza kukata.

Mama alikuwa amesikia yote. Aliichukua suruali ile akaingia nayo dukani, akapanda kwenye kingazi chake, umri ule, na kuanza kushusha majora ya kahawia kutoka rafu za juu. Tukalinganisha moja moja kwenye mwanga wa barabara. Moja lilikuwa jekundu mno. Moja lilimetameta. Moja lilikuwa jepesi kama shuka.

"Hiki aliuza baba mkwe wangu," Mama akasema akisugua suruali kwa vidole. "Mimi nilikuwa bibi harusi hapa, sijui hata kukata mita moja. Hakuna tena hiki. Usitafute."

Nilianza kulia. Nilikuwa nawaza yule mama wa Kihonda na pasi yake. Mwaka mzima amepiga pasi suruali ambayo mimi nilikuwa nimeshaifungia hesabu. Ijumaa atakuja kuona.

"Vile vipande uliweka wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye kiroba."

"Na kiroba kinakwenda wapi?"

Kiroba kikijaa huwa nakipeleka mlimani kwa bibi yangu, mzaa mama. Anajazia mito, anatengenezea mazulia ya miguu, hapotezi kitu.

"Sasa unalia nini hapa? Panda!" Akanifungia majani ya chai kwenye gazeti nimpelekee.

Nilijaribu kumpigia bibi. Simu yake huwa imezimwa. Anaizima ili chaji isiishe, na anaiwasha Jumapili baada ya misa, kwa hiyo inakaa na chaji wiki nzima na hakuna mtu anayempata.

Nikapanda Jumatano asubuhi. Bodaboda ilinifikisha barabara inapoishia, kwenye daraja, na kutoka pale ni miguu. Akina mama walikuwa wanashuka na mafurushi ya karoti na liki kichwani, wanatembea kwa haraka bila kushika kitu, mikono inaning'inia, wanasalimia bila kugeuza shingo. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilipanda njia ile bila kusimama. Safari hii nilisimama mara tatu. Mara ya tatu alinipita babu mmoja mwenye jembe, akaniuliza kama nimepotea.

Bibi alikuwa shambani, kwenye matuta ya maharage, na furushi la magimbi kichwani tayari kurudi nyumbani. Nikapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Bibi! Hapana."

"Basi umekuja kufanya nini Jumatano?"

Nilimweleza njiani tukienda nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, ikabidi nirudi mwanzo. Alikuwa hageuki kwa sababu ya mzigo, kwa hiyo sikujua anawaza nini. Tulipofika akatua magimbi, akaleta mito miwili na mfuko wa mabaki, akatandika mkeka uani. Tukamwaga. Maua, mistari, vipande vya sare za shule vya rangi zote, kipande cha gauni la harusi ambalo hata mwenyewe nilimkumbuka. Kuku wakaja kuangalia. Nilichambua mpaka chini. Kahawia haikuwepo.

Bibi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na ngata bado iko kichwani, ule mduara wa kitambaa anaouweka chini ya mzigo. Amezoea kuusahau pale kama watu wengine wanavyosahau miwani. Nikainua macho kumwambia kwamba hakipo. Nikakiona.

"Bibi, ngata yako."

"Ina nini?"

"Ndicho."

Aliivua akaitazama. Ndani kulikuwa na kanga kuukuu, na nje ilikuwa imezungushiwa vipande viwili virefu vya kahawia, vimeshonwa kwa uzi wa kiroba. Aliishika kwa mikono miwili kifuani.

"Hii haitoki," akasema. "Nimetumia ngata nyingi. Hii peke yake inanijua kichwa."

Sikumlaumu. Bibi siku hizi hashuki tena sokoni, magoti yamekataa. Lakini kubeba hajaacha, na ameapa hataacha, na ngata nzuri kwa mtu kama yeye si kitu kidogo. Bibi akaendelea.

"Umesema huyo mzee ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Akakwambia anakokwenda hawapiki ugali. Na wewe, Mluguru mzima, ukamwambia sawa?"

"Alikuwa amekonda, bibi. Niliona anakufa kweli."

"Sasa angekufa kweli ndiyo usimchekeshe?" Akakaa mkekani, katikati ya vitambaa. "Babu yako alipofariki nililia siku mbili, sikunywa hata maji. Siku ya tatu akaingia mtani wetu, Mnyamwezi kama huyo wako. Amevaa koti la babu yako. Akawa anatembea kama yeye, na ule mguu wake, anauliza, chakula kiko wapi, nani amechukua ugoro wangu, mbona nyumba imejaa watu wavivu. Nilicheka mpaka nikajikojolea. Mbele ya padri! Halafu ndiyo nikaomba uji." Akaigeuza ngata mkononi. "Yule mzee hakuja kwako kupunguziwa suruali tu. Alikurushia mpira, akangoja uurudishe. Ukaenda nao nyumbani."

Halafu akaingia ndani akatoka na wembe, akakaa, akaanza kufumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja, asikichane kitambaa.

Alinikabidhi vipande vyote viwili. Vilinuka moshi na mafuta ya nazi. Nikavinyoosha juu ya paja, na hapo niliona jambo ambalo hata fundi hakulitarajia. Nilipovikata vilikuwa vimekolea rangi kuliko suruali, kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa imefichwa ndani ya mshono miaka mingi, jua halijaiona. Kama vingekaa kwenye kiroba na nikavirudisha, vingeonekana kama kiraka. Lakini mwaka mzima juu ya kichwa cha bibi, jua na mvua za Uluguru zilikuwa zimevipausha. Vilikuwa rangi moja na suruali.

Nilishuka mchana ule ule, na mvua nyuma yangu. Niliviosha, nikavianika, nikavipiga pasi chini ya kitambaa chenye unyevu. Alhamisi nilimwomba fundi ashone yeye. Akakataa. "Wewe ulikata, wewe utashona." Ila alikaa karibu siku nzima, akinipa chaki kabla sijaomba. Nilishona kwa mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Na ndani nikaacha kitambaa chote nilichoweza, nikakikunja na kukibana.

Ijumaa walikuja wote wawili. Mke wake ni mama mfupi, mpole, amefunga kitenge kipya. Nilimwamkia, akaniitikia akanishika mkono asiuachie haraka. Mzee akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa suruali na koti lake, akasimama mbele ya kioo cha Mama. Ilimkaa. Fundi alikohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kuridhika.

Mke wake akamzunguka. Akapitisha kiganja mgongoni, akashuka kiunoni, akasimama.

"Hapa pana mishono mitatu," akasema. "Palikuwa na mmoja."

Nani mwingine angejua? Ni mtu aliyepitisha pasi pale kila Jumamosi.

Fundi angeweza kusema kitu, na mdomo wake ulifunguka, lakini nikamwahi.

"Nilikikata, mama. Mwaka jana. Mzee aliniambia nikate, nikakata."

Mzee aligeuka kutoka kwenye kioo. "Ulikata kweli? Mimi nilikuwa natania."

"Najua. Sasa hivi najua."

"Kwa hiyo uliona nakwenda."

Nikaitikia kwa kichwa. Mke wake aliangalia chini. Mzee alisimama pale ndani ya suti yake ya harusi akinitazama vile vile alivyonitazama siku ile, na nikaelewa kwamba anangoja tena.

Nikasema:

"Lakini mtani, usije ukanilalamikia. Hicho kipande bibi yangu alikifanya ngata. Mwaka mzima matako yako yamekaa juu ya kichwa cha mama mtu mzima wa Kiluguru, yanabebeshwa magimbi. Umeona Mnyamwezi gani aliyepata heshima hiyo? Ungekuwa na adabu ungekuwa umeshapeleka mbuzi."

Nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema kwa mpigo mmoja pale barazani. Halafu mzee akaanza kucheka, akacheka akashika cherehani yangu ili asianguke, mke wake akaficha uso kwenye kitenge, mabega yanaruka, na Mama kule ndani akapiga meza kwa kiganja. Fundi alivua miwani akafuta macho, akasema, "Uzi umepatikana!"

"Magimbi!" mzee alikuwa anasema. "Mama yangu! Magimbi!"

"Na kuni," nikaongeza. "Siku za Jumanne."

Mke wake alipotulia alipitisha tena kiganja kwenye ile mishono. "Iache hivyo hivyo," akaniambia. "Nitajua pa kupiga pasi taratibu."

Jumamosi nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma. Walipopiga magoti mbele ya padri sikuangalia msalaba, Mungu anisamehe, niliangalia mshono. Ulishika.

Jumanne yake mzee alikuja na kifurushi kidogo. Ndani kulikuwa na koti lake la kazi la enzi za kiwandani, la bluu, limefuliwa likapauka, kitambaa kigumu kama ngozi.

"Kata mkono mmoja umtengenezee bibi yako ngata," akasema. "Mwambie mbuzi yuko njiani, anatembea kwa miguu kutoka Tabora."

"Atafika amekonda kama ulivyokuwa wewe," nikamwambia, nikiwa nimeangalia sindano. Ni kweli niliangalia sindano. Sijabadilika sana. Lakini nilisema.

Ngata nimeishona, nimempelekea. Bibi anasema bado haijamjua kichwa, ila wanazoeana.

Basi nimefika mwisho wa kurasa, na fundi ananiambia kuna mteja. Nawaomba ninyi mliosoma mpaka hapa mniandikie. Mkimpa barua mtu anayekuja Morogoro, aulize kwenye maduka ya vitambaa lile lenye cherehani mbili barazani. Msiogope mwandiko wenu, mmeshauona wangu. Niambieni kazi zenu, na nani kwenu anaendelea kuzeeka, na kama mna watani, mniambie maneno wanayowatupia. Nitawajibu. Nitachelewa kidogo, lakini nitajibu.